Mdomo wa Mama Mdogo

Mzazi hatoki nje kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Huo ndio utaratibu wa kwetu Songea, na mimi niliuvunja nikiwa na akili zangu timamu. Mtoto alikuwa anakufa njaa mikononi mwangu. Hasira zangu hazijui kungoja kitovu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya mtaa wetu wa Majengo yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa majina tu. Nilikuwa na meza yangu ya mitumba sokoni. Mume wangu, Athanasi, alikuwa Namasakata huko Tunduru, akimnunulia tajiri mmoja korosho, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, mama mkwe wangu Theodosia, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na binti yangu mchanga Getruda, aliyekataa ziwa tangu siku aliyozaliwa.

Kukataa kwenyewe kulikuwa hivi. Anakamata chuchu kwa ncha tu, kama mtu anayeonja chumvi. Anavuta kidogo, anaachia, analia. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe ya kusagia. Chuchu zikachanika. Kila akinigusa nauma shuka.

Basi jioni moja nikamwacha kwa bibi yake, nikajitanda kanga mbili, nikaenda dukani kwa Swalehe kutafuta maziwa ya kopo.

"Lahaula! Shemeji!" Swalehe akashika kichwa. "Mzazi mbichi unatembea na magharibi hii? Unataka kuniletea balaa dukani?"

"Balaa ni mtoto kulala njaa. Kopo lipo?"

"Yamekwisha. Tungoje lori kutoka Makambako, Mungu akijalia." Akachungulia nje, akashusha sauti. "Shemeji, wahi nyumbani. Na ukiitwa njiani usiitike."

"Kwa nini?"

"Unanukia maziwa."

Nikamsonya, nikaondoka.

Mvua ilikuwa imekatika. Njia tope tupu. Nilipopita nyuma ya mashine ya kusaga nikasikia harufu… maziwa yaliyolala kwenye kibuyu hadi yakachacha. Nikajinusa kifuani. Si mimi.

Chwa… chwa… chwa…

Mtu alikuwa anatembea nyuma yangu, pekupeku. Nikisimama, anasimama. Mimi si mtu wa kukimbia. Nikatembea hadi mlangoni kwangu, nikaingia, ndipo nikasikia:

"Hodi…"

Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwembamba, mashavu yamebonyea, kikapu kichwani. Nguo zake zilikuwa kavu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mke wa Athanasi? Mimi mama yenu mdogo, Noela. Natoka Madaba. Nimesikia hapa kuna mzazi."

Nilikuwa simjui kwa sura ila jina nalijua, mdogo wake mama mkwe, tumbo moja. Mvua ikaanza tena kwa fujo. Yeye kasimama pale pale kizingitini, hasogei, ananitazama usoni. Anangoja.

"Sasa mama, unalowa bure. Karibu, pita."

Akatabasamu. Akapita.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka na mtoto. Aliposikia ile sauti, sikumwona akinyoosha mikono kama mtu aliyejiwa na ndugu yake. Alijikunja. Alimkumbatia mtoto hadi mtoto akalia.

"Noela," akasema polepole. "Umefika."

"Nimefika, dada."

Nikadhani ni macho yake yanamtia woga. Mtu asiyeona hushtuka.

Noela hakupoteza muda. Akanifungua kanga, akakamua tone moja kwenye kiganja, akaliinua karibu na kibatari. Lilikuwa zito, la manjano kama uji wa ulezi uliotiwa mafuta.

"Unaona? Uchafu huu. Usaha. Ukimpa mtoto unamzika. Yanakamuliwa yote, yanamwagwa, hadi yaje meupe."

Nikamgeukia mama mkwe. Wakubwa wa kwetu wengi waliamini hivyo, lakini nilitaka nisikie kutoka kwake.

"Ni kweli, mkwe wangu," akasema, uso kaugeuzia ukutani. "Hata mimi nilikamuliwa."

Basi ikawa ndiyo kazi. Noela ananikamua kwenye bakuli kwa vidole baridi kama samaki. Anafunika bakuli, analipeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba. Wala hataki nimfuate. Maziwa ya mama hayamwagwi njiani, alisema, sisimizi wakiyagusa ziwa litakauka. Mtoto tunamlambisha maji ya sukari kwa kidole.

Nyumba ikaanza kunuka. Nilifua, nilideki, nilichoma ubani. Harufu ile ile.

Ugali Noela hakula. Togwa hakunywa. "Nimefunga," alisema, "kwa ajili ya mtoto." Lakini mashavu yalijaa. Shingo ikafanya mikunjo. Ngozi ikang'aa kama ya mtu aliyetoka kuzaa. Na kila nikisinzia naamka nikiwa nimelowa kifuani, titi linawaka moto, nalo ni tupu.

Getruda wangu akaacha kulia.

Wazazi wenzangu mnajua maana yake. Mtoto anayelia ana nguvu. Utosi ulibonyea, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nilimtazama jioni moja, mwanga unaondoka, nikajua hatamaliza kesho.

Nikatoka kwenda kwenye migomba.

Sikusoma sana, shule niliikimbia mapema, lakini hili halihitaji shule: ukimwaga kitu kitamu chini, sisimizi watakuja. Niliinama mgomba kwa mgomba. Nikafunua majani makavu.

Hakuna sisimizi. Hakuna inzi. Hakuna hata doa.

Nikarudi ndani. Noela alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda changu alipolala Getruda, bakuli mkononi, tayari kwa kazi. Mama mkwe kakaa kwenye mkeka, anavuta rozari.

"Mama mdogo, maziwa yangu unayamwaga wapi?"

"Mgombani."

"Mgombani hakuna hata sisimizi mmoja."

Mama mkwe akaacha kuvuta rozari. "Mkwe wangu… acha maneno."

"Siachi. Mimi maneno siyapaki rangi. Mtoto anakufa, huyu ananenepa. Nauliza tena, unayapeleka wapi?"

Noela akaweka bakuli chini. Taratibu. Akapitisha ulimi kwenye mdomo wa juu, kisha wa chini.

"Kwa nini niyamwage, mwanangu… matamu hivi?"

Kisha alinirukia.

Nilianguka chali kitandani, naye juu yangu, mzito kama gunia la mahindi mabichi. Mikono yangu kaibana kwa magoti. Kanga ikachanika. Nikaona mdomo wake ukifunguka… ukafunguka… ukapita pale ambapo mdomo wa mtu huishia. Kidevu ndicho kilichotangulia. Kikazama chini kabisa ya titi. Mdomo wa chini ukapinduka nje kama ukingo wa chungu. Ulimi ukatandikwa chini. Hakushika ncha. Weusi wote wa ziwa ukaingia ndani.

Akavuta.

Kwi… kwi… kwi…

Alichovuta kilitoka mgongoni. Kilitoka nyayoni. Nilisikia uboho ukitembea. Masikio yakaziba, nikaanza kuona nyumba kwa mbali, kama niko chini ya maji.

Kitu kikanishika mguu. Mama mkwe alikuwa ametambaa hadi kitandani.

"Tulia, mkwe wangu," akanong'ona, analia. "Usipigane. Mwache ashibe. Akishiba ataondoka… Mimi nilimwacha."

*Mimi nilimwacha.*

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuipata tena. Nilimpiga mama mkwe teke la kifua, akaenda kujibamiza ukutani. Nikainua kichwa, nikamkamata Noela sikio kwa meno. Nikauma hadi meno yakakutana. Nikavuta. Likatoka.

Kilichonijaa mdomoni hakikuwa damu.

Yalikuwa maziwa. Baridi.

Akaachia ziwa kwa ukelele wa mbuzi. Hakunigeukia mimi. Alinyoosha mkono juu ya kichwa changu, akamkamata Getruda mguu, akamning'iniza kama kuku wa sokoni. Mdomo ukafunguka tena, kidevu kikatangulia, ukaelekea kwenye utosi wa mtoto.

Mchi ulikuwa nyuma ya mlango. Sikumbuki kuufikia. Nakumbuka uzito wake.

Kwaa!

Taya likahama upande. Likaning'inia kwa ngozi. Mtoto akaanguka kwenye godoro. Na yule mwanamke akacheka, kicheko kinatoka kooni moja kwa moja bila kupita mdomoni.

Nikampiga tena. Meno yakatawanyika sakafuni kama punje za mahindi. Nikampiga bega likashuka. Alitambaa kuelekea kwa mama mkwe, "Dada… dada…", nikamfuata, nikampiga kisogo. Kila nilipopiga paliruka maziwa. Ukutani. Usoni kwangu. Kwenye picha ya Bikira Maria. Nilipiga hadi mikono ikafa ganzi, hadi nikasikia mchi unapiga sakafu tupu.

Chini ilikuwa kanga. Inanywea, polepole, kama gunia linalotobolewa. Ikalala bapa. Pembeni dimbwi jeupe lililochacha.

Nikautupa mchi.

Mvua tu, na mama mkwe anakohoa.

Nikamchukua mwanangu. Alikuwa hai. Macho kafumba, mdomo unafunguka na kufumba bila sauti, kama kinda la ndege. Nikakaa sakafuni palepale kwenye uchafu, nimemweka ngozi kwa ngozi, nikamsogezea ziwa. Akakamata ncha. Akaachia.

Ndipo nikaukumbuka ule mdomo.

Mungu anisamehe, niliukumbuka wote, ulivyofanya. Nikakamua kidogo ziwa lilainike. Nikamgusagusa mdomo wa juu kwa chuchu hadi akapiga mwayo mkubwa. Nikamsogeza haraka, kidevu kwanza, kimezama chini ya titi. Nikaupindua mdomo wake wa chini nje kwa kidole. Kama ukingo wa chungu. Weusi wa ziwa ukaingia.

Akavuta.

Maumivu yakaja, yakapita.

Kwi… kwi… kwi…

Tone la manjano likamtiririka pembeni mwa mdomo. Lile lile waliloliita usaha. Nililia nikacheka, nikampa titi la pili.

Kesho yake mchana akaja Thadei, binamu yake Athanasi, kapanda lori la mbao kutoka Madaba. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Nimeleta msiba. Mama mdogo Noela hatunaye."

"Lini?" nikauliza.

"Jana, jua linazama. Siku zote hizi alikuwa kitandani, hainuki, hali, hanywi. Tukashangaa anazidi kunenepa tu." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Wamama waliomwosha wanasema taya lilikuwa limevunjika vipandevipande. Sikio moja halipo. Wengine wanasema panya. Na kila wakimgeuza… maziwa yanamtoka."

Nikamtazama mama mkwe. Hakulia.

"Mwambieni anayemvika sanda," akasema, "amfunge taya kwa kitambaa. Akaze sana."

Thadei alipoondoka nikambana. Naye akanijibu kwa mkato, kama anayetema miiba. Alizaa watoto wengi. Amebaki Athanasi peke yake, kwa sababu alinyweshwa maziwa ya mbuzi. Noela alianza kuja baada ya yeye mwenyewe kuzika mwanawe wa kwanza. Mwili unalala kwake, mwenyewe anakuja jioni, ila hapiti mlango bila kukaribishwa.

"Na mimi nilipomkaribisha ulinyamaza."

"Ni mdogo wangu," akasema. "Alikuwa na njaa."

Nilimlisha yule mama hadi siku yake ya mwisho, ugali na mboga, kila siku. Mtoto sikumpa ampakate tena.

Athanasi aliporudi nilimweleza yote bila kupunguza. Hakubisha. Alikwenda Madaba kuweka msalaba, akarudi na neno moja: wakati wa kufunga jeneza, kitambaa cha taya kilikutwa kimelegea. Wakazika hivyo hivyo.

Miaka imekwenda. Majengo nzima wananijua. Binti akizaa, mtoto akikataa ziwa, wanasema mpelekeni kwa Mama Getruda. Nawaonyesha. Lainisha ziwa. Ngoja apige mwayo. Kidevu kwanza, mdomo wa chini nje. Wanashangaa mtoto anavyovuta. Wakiniuliza nani alinifundisha, nawaambia wamtazame mtoto.

Na jua likizama, kwangu hakuna wa kuambiwa karibu hadi nitoke nimwone uso. Getruda hunicheka. "Mama, huo si ustaarabu. Watu watasema tuna roho mbaya." Sikuwahi kumwambia sababu. Nani anamwambia mwanawe kwamba alinyonya kwa mdomo wa aliyetaka kumla?

Juzi Getruda amejifungua. Yuko chumba cha ndani, kitovu cha mtoto bado. Jioni hii nilikuwa uani nakoroga uji wake. Mvua imekatika. Ghafla ikapita harufu, nikadhani uji umeungua.

Uji haujaungua.

Chwa… chwa… chwa…

Nikaacha mwiko. Nikazunguka nyumba mbio, miguu hii ya uzee, hadi kwenye kona ya mbele. Kuna mtu kizingitini, amenipa mgongo. Nguo zake kavu. Upande mmoja wa kichwa, kanga imelala bapa, kama hapana sikio.

"Hodi…" Neno limetokea kando, kama kwenye mdomo usiofunga. "Nimesikia hapa kuna mzazi."

Nikafungua kinywa nipige kelele.

Lakini kutoka ndani mwanangu, kwa adabu niliyomlea nayo, alikuwa ameshaitikia:

"Karibu, pita."