Damu Iliyoitikia Mwanga

Bertila aliusikia mlio huo kwa mara ya kwanza kanisani Newala, katikati ya mahubiri. Ko. Ko. Mtu anabangua korosho. Akageuka amkate jicho huyo asiye na adabu, akakuta kila mtu ametulia, mikono mapajani. Mlio ulikuwa unatoka chini ya kitenge chake mwenyewe, kwenye mguu wa kushoto.

Akadhani ni uchovu. Nani asiyechoka msimu wa korosho? Lakini siku chache baadaye mguu ulivimba na kupata joto, na chumba chake kikaanza kunuka mafuta ya maganda ya korosho yanayoungua, ule moshi unaokaba koo, wakati jikoni hata moto haujawashwa. Winfrida, binti yake wa pekee, alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka.

Aliyempa jibu ni kaka yake, Kasiani. Huyu, tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua korosho, mambo yalikuwa yamemnyookea ghafla. Juzi tu alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Makote na kandambili zilizofungwa waya. Sasa ana pikapu, na mkononi saa inayometameta. Watu walisema ana bahati, ila walilisema kwa sauti ya chini, maana bahati yenyewe ilikuja na misiba. Msimu wa kwanza alifariki mama yao, msimu uliofuata mdogo wao Severina, wote ghafla, bila kuugua.

"Dada," Kasiani alinong'ona, "umetupiwa jini. Na aliyekutupia unalala naye."

"Baba Winfrida? Hilary asiyeweza hata kuchinja kuku?"

"Hao wapole ndio wenyewe. Mikorosho aliyotuachia mama unafikiri haitaki?"

Neno likamwingia. Jioni ile ile Bertila alimtupia mumewe begi uwanjani. Hilary hakubisha. Aliokota nguo zake moja moja, akasema, "Mama Winfrida, mimi kwenye damu yenu ni mgeni tu. Ningeifanya nini?" Kisha akashika njia ya Chidya kwa ndugu zake. Bertila alilia kwa uchungu wa kusalitiwa na mtu aliyempikia miaka yote hiyo.

Kasiani aliahidi kumpeleka hospitali kubwa. Leo gari halina mafuta, kesho lina mzigo wa Tandahimba, kesho kutwa dereva haonekani. Uvimbe ulipopita goti, Bertila alijikokota mwenyewe, Winfrida akimshika kiuno, hadi zahanati ya Daktari Edson, mtu wa Bukoba aliyekuja kufungua zahanati binafsi ziliporuhusiwa. Watafiti fulani walikuwa wamemwachia kifaa cha kujaribiwa, chenye umbo la tochi, kimeunganishwa na spika kwa waya.

Edson alifunga mapazia. "Usiogope. Mwanga huu unaichokoza damu ndani, damu inalia, na mashine inasikia. Damu inayotembea huvuma. Iliyoganda ina mlio wake, mkavu."

Mwanga mwekundu ulipita juu ya mguu wa kulia. Vuuu, vuuu. Ukahamia wa kushoto, ukapanda polepole hadi juu ya paja, na spika ikasema: Ko.

"Bonge la damu hilo hapo," Edson alisema, uso umembadilika. "Likipanda hadi mapafuni, Mama Winfrida, tutakupoteza. Tunahitaji gari sasa hivi. Mtoto, kimbia kamwite mjomba!"

Kasiani alikuja, lakini aliishia mlangoni, mkono wake begani kwa Winfrida. Edson akarudisha kifaa pajani ili amwonyeshe. Kimya. Bonge halikuwepo. Akalitafuta, akalikuta chini ya kitovu, na mwanga ulipoligusa, harufu ya maganda yanayoungua ilijaa chumba kizima, mkono wa daktari ukagandia pale pale asiweze kuunyanyua, na kutoka kwenye spika, kati ya mlio na mlio, ikaanza kutoka sauti ya mtu mpole, mwenye adabu, anayeongea taratibu kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa chai.

"Kasiani, mbona husogei? Ulisema niingie kwa huyu. Nimeingia."

"Nnungu wangu!" Bertila alishika kitanda. "Aliyekutuma ni Hilary!"

"Hilary ni mgeni. Mume hana damu ya kutoa. Anayetoa ni yule mliyenyonya naye ziwa moja. Kila msimu namuuliza, kila msimu ananipa. Alinipa mama yenu. Akanipa Severina."

Bertila alimtazama kaka yake. Alitamani akatae, hata kwa uongo, hata acheke tu. Kasiani aliangalia sakafu.

"Kaka. Mwambie atoke."

"Hatoki bure, dada. Lazima aende kwingine."

Kisha akamsukuma Winfrida mbele, taratibu tu, na kusema, "Chukua huyu. Damu ni ile ile."

Bonge likaanza kushuka. Bertila alilisikia likirudi pajani, likipita gotini, likielekea kwenye unyayo ili limtoke, likamwingie mwanawe, na hofu yote aliyokuwa nayo ikageuka hasira ambayo hakuwahi kuijua, hasira ya mtu aliyemzika mama akiwa ameegemea bega la muuaji, aliyemfukuza mume mwema kwa neno la muuaji huyo huyo, na akamshukuru.

"Wewe!" aliita. "Tumenyonya ziwa moja, si ndivyo? Basi na mimi nina haki ya kutoa. Nakupa Kasiani."

Spika ilinyamaza. Halafu mguu wa kushoto ukavuma, vuuu, vuuu, damu safi inatembea. Mlangoni Kasiani alishika kifua, akataka kusema kitu kwa dada yake, akaanguka. Edson alipompitishia mwanga kifuani hakusikia mlio wowote.

Hilary alirudi baada ya matanga. Bertila alipiga magoti kuomba radhi, naye akamsamehe upesi mno, jambo lililomuuma kuliko kama angemtukana.

Mikorosho ilipoanza tena kutoa maua, Bertila alikuwa anafagia uwanja asubuhi, jua limeshapanda, Winfrida anajaza ndoo bombani. Bila mwanga wala mashine, ndani ya kifua chake mwenyewe, sauti ile ikamwamkia.

"Shikamoo, mama. Msimu huu unanipa nani?"

Ufagio ulimtoka mkononi. Alifumba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akatamka jina, maana katika damu ya mama yao lilikuwa limebaki moja tu.

Bombani, Winfrida aliacha ndoo, akageuka.

"Abee, mama? Umeniita?"