Kiti cha Dereva

Kiti kilikuwa kipya, na asubuhi kilikutwa kimechakaa.

Sindano, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa amekimaliza jioni ya jana yake: ngozi nyeusi, sifongo mpya, mishono miwili miwili pembeni. Akakifunga kwenye gari, akapiga kufuli mlango wa gereji, akaenda kulala. Asubuhi alipofungua, kiti cha dereva kilikuwa na bonde katikati, bonde la kiti kilichokaliwa miaka na mtu mzito. Akaweka kiganja. Ngozi ilikuwa na joto, kama vile mtu ameinuka sasa hivi.

Mwingine angepiga ukunga. Sindano alijifuta mkono kwenye aproni, akasema moyoni kwamba sifongo za siku hizi ni za ovyo, akaenda kubandika chai.

Ndivyo alivyokuwa tangu kufiwa. Mumewe, ambaye klabu nzima ilimwita Kapteni, alianguka bafuni asubuhi moja akiwa na povu la sabuni usoni, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakata roho. Msibani watu walilia hadi sauti zikawakauka. Mjane mwenyewe alikaa katikati yao macho makavu, akiuliza kama wageni wote wamepata pa kukaa. Wakasema ni mshtuko, utapita. Miezi ilikwenda na haukupita. Chakula kilikuwa kitu cha kutafuna. Simu ikilia aliiangalia tu mpaka inyamaze. Alishona viti vya magari ya watu, mshono ukanyooka kuliko zamani, na ndani yake palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Gari lenyewe lilikuwa la Kapteni. Jekundu, la viti viwili, na la chini kiasi kwamba kuliingia ilibidi ujikunje kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Kapteni ndiye aliyeanzisha klabu ya wenye magari ya mbio ya zamani, na sasa klabu ilikuwa ikiandaa wikendi ya kuyakimbiza uwanjani, ya kwanza bila yeye. Waliomba gari lake litangulie wengine kwa heshima yake. Sindano akasema sawa. Siku hizo kila kitu alikijibu sawa.

Kikao cha mwisho kilifanyika palepale gereji, watu wametoka kazini. Mwenyekiti mpya, daktari wa meno aliyependa utaratibu kuliko chakula, alisimama mbele ya boneti.

"Jamani, nisikilizeni. Hakuna kumpita mwenzako kwenye kona. Breki kila mtu azikague kwake, msije kunililia uwanjani. Na kofia ngumu kila kichwa. Hata wewe Spana, ambaye kichwa chako chenyewe ni chuma."

Wakacheka. Spana alikuwa makanika wa klabu na rafiki wa marehemu tangu ujana, na ndiye aliyechaguliwa kuendesha gari jekundu.

"Kiti cha pembeni tumempa binti wa marehemu," mwenyekiti akaendelea. "Nadhani Kapteni angefurahi."

Binti alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi. Akatabasamu. Mama yake hakukumbuka lini alimwona akitabasamu mara ya mwisho.

"Baba ameshaniambia," alisema.

Wakadhani anasimulia ndoto. Mtu mmoja akakohoa. Ndipo ikasikika: tiki, tiki, tiki. Indiketa ya kushoto ya gari jekundu ilikuwa inawaka na kuzima.

"Nani kawasha?" mwenyekiti aliuliza.

"Humo hamna mtu," mmoja akasema.

Spana aliinua kidole polepole akaelekeza benchi la kazi, na wote wakageuza shingo kufuata kidole kile, wakaiona betri ya gari imekaa juu ya gazeti, nyaya zake zimening'inia hewani, betri aliyoitoa yeye mwenyewe kwa mikono yake, na huku wakiitazama taa ikaendelea kuwaka na kuzima bila haraka, na harufu ikaanza kupanda kutoka chini ya viti, harufu ya mvua iliyoangukia jiwe la moto, ilhali nje vumbi lilikuwa likipepea na wiki nzima hakukuwa na wingu.

"Huwa inafanya hivyo," Sindano alisema. "Nani nimwongezee chai?"

Hakuna aliyeongezewa. Waliondoka kwa visingizio, mmoja akasahau koti. Spana alibaki mlangoni.

"Shemeji," alinong'ona, "hili si jambo la waya. Nina shangazi yangu, yeye anawajua hawa wasioonekana. Nimlete?"

"Wa nini? Halijamdhuru mtu."

Kesho yake mchana Sindano alikwenda kununua uzi. Aliporudi alisikia kicheko cha bintiye gerejini. Alifurahi? Hapana, ila alijua kwamba angepaswa kufurahi. Akasukuma mlango.

Binti alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameugeukia usukani. Midomo ilikuwa imempasuka kwa ukavu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka hewani, vidole vimefumbata kama vya mtu aliyeshikwa mkono.

"Halafu nikifumba macho?" alikuwa akiuliza. Akasikiliza. "Eh. Eh. Sawa, baba."

"Unaongea na nani?"

"Mama, sema polepole. Hapendi kelele."

"Kakwambia nini?"

"Jumamosi, kona ya tatu." Alisema kwa furaha ndogo, kama mtoto anayeeleza safari ya shule. "Yeye ataushika usukani, mjomba Spana hataweza kuugeuza. Anasema haiumi. Nikifumbua macho nitakuwa huko aliko."

Na Sindano akaiona ngozi ya kiti cha dereva ikijivuta, bonde likihama taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, jinsi linavyohama mtu akijigeuza kitini kumtazama aliyesimama mlangoni. Akamtoa binti kwa kumshika kwapani, akamfungia chumbani, akampigia Spana.

"Mlete shangazi yako," alisema kwa sauti ileile ya kuagiza sifongo. "Leo."

Shangazi yake Spana alikuwa mwanamke mfupi, muuguzi mstaafu, mwenye mkoba wa mkononi na viatu vya heshima. Hakuligusa gari. Alilizunguka, akanusa, akavuta pumzi.

"Pole, mwanangu. Huyu si mumeo. Ni jini. Amekuta nafasi haina mtu, akakaa. Sauti ya marehemu ameiokota humuhumu, na tabia zake, na kikohozi chake. Kiti umekishona wewe?"

"Mimi."

"Basi utakifumua wewe. Mimi nitambana kwa maneno ninayoyajua, lakini mkono uwe wako. Ataongea nawe. Usimjibu. Ukimjibu hata neno moja atakuwa amekaribishwa, na mtoto atakwenda naye."

Spana alimshikilia binti ukumbini. Mlango wa gereji ukafungwa. Shangazi akanyunyiza maji ya chumvi, akaanza kusoma yake chinichini. Sindano akapiga magoti kando ya kiti, akachomeka wembe kwenye mshono wa kwanza.

"Mke wangu," kiti kikasema.

Ilikuwa sauti ya Kapteni, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Uzi ukakatika. Ikamuuliza kwa nini anamfukuza nyumbani kwake, ikamwambia huko aliko ni baridi, ikakohoa, ikamwomba walau amshike mkono, na yeye akaendelea kukata, mshono baada ya mshono, huku jasho likimdondokea vidoleni na harufu ile ya jiwe la moto ikimjaa kooni, na sauti ikawa ndogo, ikamsogelea sikioni hadi akahisi pumzi, ikamwita kwa jina ambalo mumewe alimpa mwezi wao wa kwanza wa ndoa, jina ambalo hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kulisikia, na huko ukumbini binti akaanza kupiga kelele "Mjibu! Mama, mjibu!", na Sindano akangoja kitu fulani kimshike kifuani kimzuie, akangoja kwa kweli, hakikuja, basi akaikamata ngozi kwa mikono miwili akaipasua mpaka mwisho.

Ndani, ile sifongo aliyoiweka kwa mikono yake ilikuwa imelowa, ya moto, imesukwa na nywele ndefu nyeusi ambazo hazikuwa za mtu yeyote wa nyumba ile. Kitu kikapita juu ya vichwa vyao kwa kishindo, vioo vya madirisha vikapasuka kuelekea nje. Kelele za binti zikageuka kilio cha kawaida cha mtoto anayemlilia baba yake.

Walichoma kila kitu kwenye pipa uani. Shangazi alikaa juu ya ndoo akijipepea kwa mkoba.

"Wengi hujibu," alisema. "Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakijibu. Wewe una moyo wa namna gani?"

"Sijui," Sindano alisema. "Siku nyingi sijausikia."

Jumamosi magari yalijipanga uwanjani, yamesuguliwa yanang'aa. Spana alilikaribia gari jekundu lenye kiti kingine kipya, akashika mpini wa mlango, akauachia.

"Shemeji, nisamehe. Siwezi."

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Binti alikuwa nyuma ya uzio, amejifunika shuka, shangazi amemkumbatia. Sindano akaichukua kofia ngumu mkononi mwa Spana, akaivaa, akajikunja akaingia.

Hakuwahi kuliendesha hata siku moja. Liliruka, likazima, likawaka tena. Akalitoa polepole, na nyuma yake magari yote ya klabu yakafuata kwa mwendo wake. Kona ya kwanza. Ya pili. Kona ya tatu ikaja, akashika usukani kwa nguvu zote, na kona ikapita kama kona nyingine.

Barabara iliponyooka, akasikia mtu analia ndani ya kofia.

Akatazama kiti cha pembeni: hakikuwa na mtu. Kilio kikazidi, kibaya, cha kukwama kooni, na kioo cha kofia kikaingia ukungu hata asione mbele. Akakipandisha, upepo ukampiga usoni, na mashavu yake mwenyewe yalikuwa yamelowa.

Akakanyaga breki katikati ya uwanja. Nyuma yake magari yakasimama moja baada ya jingine. Hakuna aliyepiga honi.