Kanda za Enzi Tatu

Meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Riboni za karatasi, zilizoshikwa huku na watu wa gatini na kule na watu wa melini, zilinyooka, zikaanza kukatika moja moja. Fusae Nagami alishika ya buluu. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mumewe, Tokuji, aliyesimama sitahani na binti yao Shinobu, aliyekuwa akimsindikiza.

"We Fusae!" Tokuji alipaza sauti. "Unitumie sauti! Usinitupe!"

"Nikutupe, nani atakuokota, mzee mzima wewe!"

Watu wakacheka. Riboni ikakatika.

Tokuji alikuwa anapelekwa mji wa Matsue, ng'ambo ya bahari, kwenye nyumba ya kutunzia wazee waliopoteza kumbukumbu. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na pale kisiwani kwao ng'ombe wao alikuwa karibu kuzaa. Fusae akabaki. Jioni alipika wali wa watu wawili, kwa mazoea, akala akitazama mto mtupu wa kukalia.

Sauti alizoomba Tokuji zilikuwa kanda. Ujana wake wote aliumaliza akivua ngisi bahari za mbali. Kila mwaka Fusae alimrekodia kanda moja ya nyumbani: mtoto akilia, mvua ikipiga vigae, mama mkwe akimsema mkwewe. Tokuji alizisikiliza melini mpaka akazikariri. Hata alipoacha bahari, Fusae hakuacha kurekodi. Juu ya kila kanda aliandika mwaka kama watu wa pale wanavyoandika, kwa enzi ya mfalme. Mfalme mpya akikaa kitini, enzi mpya inaanza, na hesabu inarudi kwenye moja. Showa 58. Heisei 3. Reiwa 2. Showa ndiyo ya zamani, Reiwa ndiyo ya sasa.

Jirani yake, Isomura, alizitia kanda zote kwenye kompyuta. Alikuwa amehamia kutoka Osaka na mbuzi zake, na kazi yake ilikuwa kuandika programu. Kila wiki alifundisha Ruby kwenye ukumbi wa jamii. Ruby ni lugha ya kuiamuru kompyuta; aliyeitunga anaishi Matsue, na watu wa huko wanaringa nayo kama wanavyoringa na supu yao ya kombe. Fusae alikwenda darasani mara ya kwanza kuota moto tu. Jiko la ukumbini lilikuwa zuri. Akanogewa.

Alikuwa amejifunza kutengeneza kamusi. Kushoto unaweka jina la mwaka, kulia sauti yake. Hiyo ni jozi. Ukiita mwaka, sauti inaitika. Fusae akaiamuru kompyuta ipange jozi zote kwa jina la mwaka. Ikapanga kufumba na kufumbua. Hakukagua. Alitaka Tokuji asikie sauti za kwao haraka. Akatuma.

Kesho yake Shinobu, aliyebaki Matsue kwa muda kumzoesha baba yake, akapiga simu.

"Mama, umemfanya nini baba?"

"Kwani hakuzipenda?"

"Kaanza kusikia wajukuu. Kisha mazishi ya bibi. Kisha bibi mwenyewe anacheka na kugombana na wewe! Sasa anadai viatu. Anasema mama yake yu hai na sisi tunamficha. Kasimama mlangoni, haondoki. Mama, kasukuma hata mhudumu."

Fusae alimsikia Tokuji kwa mbali. "Mama ananingoja! Nipeni viatu vyangu!"

Akaweka simu chini. Hakuvaa hata koti. Alimkuta Isomura zizini, anakama mbuzi.

"Mwalimu, kompyuta yako ina wazimu!"

"Karibu, Mama Shinobu. Wazimu wa namna gani?"

Akamweleza. Isomura akanawa mikono, wakaketi mbele ya kompyuta. Akatazama, akajikuna kichwa.

"Haina wazimu. Haiwajui wafalme, basi. Wewe ukiona Showa unajua ni zamani. Yenyewe inaona herufi tu, hizi zetu za michoro, zisizofuata a-be-che. Kila herufi ina namba yake ndani ya kompyuta. Ya Reiwa ni ndogo, ya Heisei inafuata, ya Showa ni kubwa. Kwa hiyo wa mwisho wakawa wa kwanza."

"Na mbona Heisei 11 imetangulia Heisei 3?"

"Umeandika maandishi, si namba. Inaanza na tarakimu ya kwanza. Moja ni ndogo kuliko tatu. Imeishia hapo, haikutazama zaidi."

"Mvivu kama marehemu shemeji yangu," Fusae akasema. Kisha akasema, "Basi niyatoe majina peke yake, niyapange kwa mkono, halafu niyarudishe."

"Ala! Ukiyatoa peke yake, utajuaje lipi ni la nani? Utampa mjukuu jina la mwaka wa mazishi. Jozi haitenganishwi, Mama Shinobu. Inahama nzima, mwaka na sauti yake."

"Sasa nifanyeje?"

"Ziache jozi na majina yake. Iambie kompyuta itazame nini inapopanga. Kwa kila jozi, ipe namba ya kweli. Ya Showa, ongeza 1925. Ya Heisei, 1988. Ya Reiwa, 2018."

Fusae akakokotoa kwa vidole. "Showa 58... ni 1983. Shinobu alikuwa anaota meno."

"Ndiyo hiyo. Ipange kwa namba hizo."

Akaandika polepole, kidole kimoja kimoja. Amri ikafanya kazi. Akafungua kamusi. Vilevile! Reiwa mbele, Showa nyuma.

"Unaona? Inanichezea!"

"Imepanga. Ila imekupa mpangilio mpya pembeni, kamusi ya zamani haikuigusa. Wewe hukuupokea. Upe jina, uugeuze uwe kamusi tena, ndiyo utume hiyo."

Safari hii Fusae alikagua. Alifungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, akasikiliza kila moja. Kwenye ya katikati mama mkwe alimsema kwa kuunguza samaki. Fusae alikaa akisikiliza mpaka mwisho, na Isomura akarudi kwa mbuzi zake.

Tokuji alisikiliza toka mwanzo, alasiri baada ya alasiri. Mama yake alicheka, akazeeka, akakohoa. Yalipofika mazishi, alilia sana, na Shinobu akamshika mkono. Hakudai viatu tena.

Ng'ombe alizaa dume, na ndama huyo akauzwa mnadani. Isomura aliongeza somo la enzi kwenye darasa lake. Shinobu alihamia Matsue na watoto. Fusae alivuka kila mwezi, bahari ilipokubali. Tokuji alifariki majira ya baridi ya pili, bila kurudi kisiwani. Fusae bado anaishi kisiwani. Anarekodi kanda moja kila mwaka, anaitia kwenye kamusi, na kompyuta inaipanga mahali pake, mwishoni.