Mluzi wa Kanyesigye

Jioni nyumbani kwa Kanyesigye ilianza na moshi. Moto wa samadi uliwashwa katikati ya zizi ili kufukuza nzi. Ng'ombe walirudi kutoka mlimani, pembe zao ndefu zikigongana, wakasimama kwenye moshi. Mkewe, Kembabazi, alileta vyombo vya mti vya maziwa, vimefukizwa kwa nyasi, vinanukia. Kisha ulisikika mluzi, na ng'ombe wakatulia wakamuliwe.

Zamani mluzi ule alikuwa akiupiga Kanyesigye mwenyewe. Siku hizi aliupiga Tayebwa, mdogo wake. Hapo ndipo palipomchoma.

Kanyesigye alipata kiharusi wakati wa mvua. Presha ilipanda sana, damu ikashindwa kufika sehemu moja ya ubongo. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, na mdomo ukaenda upande. Maneno yalitoka mazito. Mluzi haukutoka kabisa. Akipuliza, unatoka upepo na mate.

Basi akawa anakaa barazani, kiti kimegeuzia zizi mgongo. Lakini masikio angeyageuzia wapi? Alimsikia Tayebwa akimwita Bihogo, ng'ombe mwekundu aliyeongoza kundi lote. Alimsikia Bihogo akiitikia. Kisha alimsikia mkewe akicheka.

Anacheka nini? Mbona kwangu hacheki?

Kembabazi alikuja na maziwa. "Baba watoto, yangali ya moto. Kunywa."

"Kakamua nani?"

"Si Tayebwa? Au ulitaka nikamue mimi mwanamke, watu wanicheke?"

"Mpelekee yeye mwenyewe. Mpe na kiti changu kabisa."

"Maneno gani hayo?"

"Nawasikia mnavyochekeana huko zizini. Mguu ndio umekufa, siyo masikio!"

Kembabazi aliweka chombo chini taratibu. "Yaani mdogo wako wa tumbo moja? Wivu wako umefika huko? Haya. Usipoyanywa, mpe paka."

Akaingia ndani. Kanyesigye alimsikia akilia jikoni. Alijifanya hasikii.

Wala haikuwa jioni ile tu. Usingizi ulimkimbia. Ugali wa wimbi aliuonja kidogo, akasukuma sahani. Jirani akija kumjulia hali, alifumba macho kama amelala. Na vidonge vyake vya presha alivificha chini ya mto.

"Vya nini?" alijiuliza. "Nipone ili nimtazame Tayebwa akiwa mimi?"

Asubuhi moja alimwita mdogo wake barazani. "Nenda kamwite dalali. Bihogo auzwe."

Tayebwa alishtuka. "Bihogo? Kaka, ana ndama anayenyonya! Na ni uzao wa ng'ombe aliotuachia baba!"

"Ni wangu. Au na huyo umeshamchukua?"

Machozi yalimlenga Tayebwa. Akageuka, akaenda zake zizini.

Kembabazi aliyasikia yote. Hakungoja dalali aitwe. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda moja kwa moja kwa Kobusingye, mhudumu wa afya wa kijiji. Kobusingye alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika kilima cha pili. Alikuja na kipimo chake cha presha.

"Wewe Kanyesigye! Nasikia unamuuza Bihogo. Umerogwa? Hebu lete mkono."

Alipima, akakunja uso. "Presha iko juu. Vidonge unameza?"

Kembabazi aliingia ndani, akarudi na mto mkononi, na vidonge kwenye kiganja.

"Alaa!" Kobusingye alisema. "Kumbe mwenye presha ni mto?"

Kanyesigye alitaka kucheka. Badala yake alilia. Kobusingye alimwashiria Kembabazi awaache peke yao, akavuta kigoda, akaketi.

"Haya, niambie. Nini kinakuuma?"

"Namwonea wivu mdogo wangu," alisema Kanyesigye. Maneno yalitoka mazito, moja moja. "Naionea wivu mikono yake. Anapiga mluzi wangu. Ng'ombe wangu wanamfuata. Mke wangu anacheka naye. Mimi nimebaki kiti tu."

"Kuna wakati unaona afadhali ufe?"

Kanyesigye alitazama chini. "Upo. Sijapanga chochote. Lakini wakati huo upo."

Kobusingye hakushtuka wala hakumkaripia. "Umefanya vizuri kuniambia. Wazo hilo likirudi, usikae nalo peke yako. Mwamshe mkeo, au uniite mimi, saa yoyote. Sasa nisikilize. Kiharusi hakiumizi mkono na mguu tu. Watu wengi wakishaugua hivi, moyo nao unaugua. Hulali, huli, unakasirika, unaona kila mtu amekuchukulia nafasi yako. Si uchawi, na si kwamba wewe ni mtu mbaya. Ni ugonjwa, na una matibabu."

"Matibabu ya wivu?"

"Matibabu ya huzuni inayozaa wivu huo. Kesho tunakwenda kituo cha afya. Yupo mganga anayezungumza na watu wenye hali yako. Akiona unahitaji dawa, atakupa. Na vya presha unameza kila siku, hata ukijisikia mzima, la sivyo kiharusi kitarudi. Lakini kabla ya hayo, mwite mdogo wako. Haya uliyoniambia mimi, mwambie yeye."

"Nitaanzaje?"

"Ulivyoanza kwangu. Ulianza vizuri tu."

Tayebwa alikuja, akasimama mbali kidogo. Kembabazi alikuja nyuma yake. Kanyesigye alisema yote, hata la mluzi, hata la kicheko.

Tayebwa alikaa chini kwenye vumbi. "Kaka, nilianza kukamua kwa mluzi wangu. Bihogo alinipiga teke hili hapa, tazama kovu. Alizuia maziwa yote. Alikuwa anakutafuta wewe, anatazama huku barazani, analia. Shemeji ndiye aliyeniambia, piga ule wa kaka yako. Ndipo akakubali."

"Na kicheko?"

"Anaukosea!" Kembabazi alisema. "Kila jioni anaukosea palepale, mwishoni. Ndiyo maana nacheka. Nacheka ili nisilie, maana naukumbuka ulivyokuwa unaupiga wewe."

Kanyesigye alimtazama mdogo wake. "Mwishoni unashuka?"

"Ndiyo, nashuka."

"Unapanda, mjinga wee! Mwishoni unapanda!"

Wote walicheka, naye akacheka kwa mdomo wake wa upande. Habari za dalali hazikutajwa tena.

Walikwenda kituo cha afya. Kanyesigye alizungumza na mganga, akarudi tena, na tena. Alimeza vidonge vyake mbele ya mkewe. Alifundishwa mazoezi ya mguu, na ya mdomo pia: kuvuta pumzi, kukunja midomo, kupuliza. Kembabazi naye alijifunza. Aliacha kumfanyia kila kitu kama mtoto mchanga. Alimuuliza kwanza. Na siku moja moja alikwenda kukaa kwa dada yake, akapumzika.

Kiti kilihamishiwa zizini. Moto wa jioni ukawa kazi ya Kanyesigye. Mkono wa kushoto uliweza kutupia samadi motoni, na uliweza kumsugua Bihogo mgongo kwa nyasi. Malisho ya kesho aliyachagua yeye. Siku mbaya zilikuwepo bado. Kuna siku alimwona Tayebwa akiruka ua kwa hatua moja, wivu ukamrudia uleule. Lakini sasa aliusema. "Leo nakuonea wivu miguu," alisema, na Tayebwa akamjibu, "Ichukue basi, imechoka."

Jioni moja Tayebwa alikuwa anamkamua Bihogo. Kanyesigye alikaa kando ya moto. Alikunja midomo, akapuliza. Upepo na mate. Akapuliza tena. Sauti ikatoka, nyembamba, imepinda, lakini mwishoni ikapanda.

Bihogo aligeuza kichwa. Alijivuta, akapiga teke chombo cha maziwa, akaenda mpaka kwenye kiti. Akaweka pua yake begani kwa Kanyesigye.

Tayebwa alibaki amechuchumaa, maziwa yakimtiririka magotini. "Mwone huyu! Nimemlisha, nimemtoa kupe, nimepigwa mateke. Mwenyewe kapuliza mate tu, huyo, kaenda! Kaka, leo wivu naona mimi!"

"Ona tu," alisema Kanyesigye. Alikuwa analia na kucheka. "Ukimaliza kuona, osha chombo, ukamkamulie kaka yako yule ng'ombe mwingine, Gaaju."

Tayebwa alikamua, akaleta maziwa yakiwa bado na povu. Kanyesigye alishika chombo kwa mkono wa kushoto, akayanywa yote.