Mama Optatus ni Nani?

Kila alasiri, akirudi kutoka shule, Glory alifagia majani ya mikorosho uani, akateka maji, kisha akakaa barazani kumsomea bibi yake ujumbe wa simu. Nyumba yao ya Chiungutwa ilikuwa na watu wawili tu. Baba yake, Fortunatus, alikuwa Dar es Salaam, na siku hizi hata kupiga simu alikuwa amepunguza. Bibi Dorothy naye hakuwa msemaji. Basi upweke ulimlemea mtoto wa watu.

Mwaka huo simu ilipata kazi. Charles, mpwa wa marehemu babu, alidai shamba la mikorosho ni la ukoo, bibi aondoke. Mama Hamudi, msaidizi wa sheria wa kata, akawaingiza kwenye kundi la WhatsApp. Humo walikuwamo mawakili wa Mtwara na wasaidizi wa sheria wa Masasi na Newala. Zamani ungesafiri siku nzima kumfuata mmoja wao. Sasa walishauriana humo humo. Watu arobaini na watatu, na ukimtoa Mama Hamudi, Glory hakuwahi kumwona hata mmoja.

Siku moja wakili Walter alituma ujumbe wa sauti: "Karatasi aliyoiacha babu kuhusu shamba haisomeki kwenye picha. Glory, niandikie maneno yote kama yalivyo."

Karatasi ilisema: "Mimi Alfredi nimempa mke wangu, Mama Optatus, shamba la Chiungutwa."

Optatus ndiye nani tena? Bibi ni Mama Fortunatus, kijiji kizima kinajua. Charles akiona hapa atasema babu alikuwa na mke mwingine, na shamba litakwenda hivi hivi. Glory alitaka kuuliza, lakini bibi alikuwa kimya akipepeta mbaazi, naye akasita. Akaandika "Mama Fortunatus", akatuma, akajifanya hamnazo.

Siku mbili baadaye Walter akatuma ujumbe mwingine wa sauti. "Kesho nawasilisha maombi mahakamani kwa kompyuta. Mama Hamudi atapita leo kuipiga picha karatasi yenyewe kwa simu nzuri. Jina likitofautiana, watasema tumeghushi."

Mama Hamudi alipoegesha baiskeli, shikamoo ya Glory ilitoka kwa taabu.

"Marahaba. Mbona umenywea?"

Glory akapiga moyo konde, akasema yote. Mama Hamudi hakumgombeza.

"Bibi umemuuliza?"

"Hapana. Niliogopa."

"Twende tukamuulize."

Bibi aliweka ungo chini.

"Optatus alikuwa mtoto wangu wa kwanza," alisema. "Nilimzaa kwetu Newala. Aliishi miezi saba. Alipofariki, watu waliacha kuniita kwa jina lake, wasije wakaniumiza. Akazaliwa baba yako, basi, likasahaulika. Babu yako peke yake ndiye aliyeendelea kuniita hivyo."

Glory akalia. Siku zote alidhani mpweke wa nyumba ile ni yeye tu.

Mama Hamudi akaeleza kosa hilo kwenye kundi, akaomba msaada. Jua halijazama, Mwalimu Petro, msaidizi wa sheria wa Newala, alikuwa ameshafika kanisani na kutuma picha ya daftari la ubatizo: Optatus, baba Alfredi, mama Dorothy. Walter akasahihisha maombi usiku ule ule. Baada ya miezi miwili ikaamuliwa kwamba shamba ni la bibi.

"Glory," Mama Hamudi alimwambia siku hiyo, "simu inakusanya watu wengi kwa dakika moja, lakini ukweli unatoka kwako wewe unayeandika. Ukiubadilisha, sote arobaini na watatu tunapotea pamoja nawe. Na usipoelewa jambo, muulize kwanza aliye karibu nawe."

"Nimeelewa, Mama Hamudi."

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa wakili Walter: "Shikamoo, Mama Optatus. Hongera sana."

Bibi akaisogelea simu.

"Rudia," alisema.

Glory akairudia.

"Tena, mjukuu wangu. Hapo tu kwenye jina."