Mioyo Kumi na Minne kwa Donda la Mama

Fundi alikuwa na mikono miwili, lakini kazi yake ilitaka minne. Mmoja wa kushika kitambaa, mmoja wa kukisukuma kwenye cherehani, mmoja wa mkasi, na mmoja wa simu. Na huo wa simu ndio uliochoka kuliko yote.

Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, alifungua grupu la familia. Liliitwa Damu Moja. Lilikuwa na watu kumi na tisa: mama, watoto wake watatu, wajukuu, mashangazi, wajomba na mashemeji. Aliyelianzisha ni mdogo wake Fundi, yule anayemfuata. Nyumbani walimwita Msemaji, maana hakuna jambo lililompita bila kulitolea neno. Msemaji ndiye aliyeweka sheria: "Mtu akituma kitu, usipite kimya. Weka hata moyo, ajue umemwona."

Watu wakaitii sheria hiyo kama askari. Harusi, moyo. Mtoto kang'oka jino, moyo. Shangazi kanunua pazia, moyo. Fundi alifika mahali anaweka moyo bila hata kutazama, kidole kinagusa simu na mguu unakanyaga cherehani.

"Wengine hawajuani na ndugu zao," aliwatambia wateja wake. "Sisi tunaonana kila siku!"

Kuonana huko ndiko kulikonifanya niandike hadithi hii, na ninaiandika nimekasirika. Mama yake Fundi aliishi peke yake, vituo vinne tu vya basi kutoka duka la Fundi. Na Fundi, binti mkubwa, alikuwa hajakanyaga pale kwa wiki saba.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, simu yake iliita. Namba ilikuwa ngeni, akaiacha. Ikaita tena, akaiacha. Mara ya tatu akaipokea kwa ukali.

"Nani? Nina kazi hapa!"

"Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa anaokaa mama yako. Niko naye nyumbani. Njoo sasa hivi."

"Mama ana nini? Mbona juzi tu alikuwa kwenye grupu?"

"Dada, grupu lenu silijui. Mimi nauona mguu. Njoo."

Fundi aliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano, akatoka mbio.

Alipofungua mlango wa mama yake, harufu ndiyo iliyompokea. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mbele yake Mhudumu, mwanamke mnene mwenye begi begani, alikuwa amepiga magoti na kuvaa glavu. Mguu wa kulia wa mama ulikuwa umevimba hadi kifundoni. Kidole gumba kilikuwa cheusi.

"Mama!" Fundi akaja juu. "Kwa nini hukusema?"

Mama alimtazama kidogo. Halafu naye akaja juu, tena zaidi.

"Nisiseme? Mimi? Nilituma picha!"

"Picha gani?"

"Ya mguu! Fungua hilo dude lako utazame!"

Fundi alifungua grupu. Akarudi nyuma, siku moja, siku tatu, siku kumi na moja. Ilikuwa Jumapili aliyohitimu mtoto wa Msemaji. Picha zilimiminika siku hiyo: kijana na joho, kijana na wazazi, kijana na keki. Na katikati, kati ya keki na joho, mguu. Mguu wa mama, una donda bichi kidoleni.

Chini ya donda kulikuwa na mioyo kumi na minne.

Fundi alibonyeza aone ni ya nani. Wa kwanza ni wa Msemaji. Wa pili wa shangazi. Wa tatu ulikuwa wake yeye mwenyewe.

"Niliiona ile mioyo," mama alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini hasira haikuwa imeshuka. "Nikasema, haya, wanangu wameona, leo watakuja. Nikafagia. Siku ya pili nikafagia tena. Siku ya tatu nikaacha kufagia."

"Ungepiga simu, mama."

"Nipige niwaambie nini? Mmeona, na mmependa!"

Fundi, kama ilivyo kawaida yetu binadamu, akatafuta mtu mwingine wa kumtwisha.

"Huyu Msemaji! Yeye na sheria zake! Ngoja nimpe vidonge vyake sasa hivi!"

"Utampa baadaye," Mhudumu alimkatiza. "Weka simu chini ushike mguu wa mama yako. Nani anajua kwamba huyu mama ana sukari?"

"Tunajua wote. Ana miaka miwili nayo. Anameza dawa."

"Na miguu yake nani anaikagua?"

"Kuikagua? Kwani ilikuwa inamuuma?"

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Sukari ikikaa mwilini, inaua hisia za miguu. Mama, uliumia na nini?"

"Kuna kijimsumari kilichomoza ndani ya kiatu," mama alisema. "Sikukisikia kabisa. Niliona damu kwenye soksi tu. Nikaloweka mguu kwenye maji ya moto na chumvi."

"Ya moto kiasi gani?"

"Nitajuaje? Sikusikia moto."

Mhudumu alitikisa kichwa. "Umesikia, dada? Msumari hakuusikia, na maji ya moto hakuyasikia. Mtu mwenye sukari haangojei maumivu. Miguu yake inatazamwa kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Inaoshwa kwa maji ya kawaida na kukaushwa vizuri. Hatembei peku. Kiatu kinapapaswa ndani kabla ya kuvaliwa. Na kidonda, hata kiwe kidogo namna gani, ni cha kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huu mguu sasa ni wa hospitali. Kodi gari."

Hospitali walipokelewa haraka. Daktari aliuona mguu, akakunja uso, akamwingiza mama ndani. Fundi na Mhudumu wakabaki kwenye benchi la korido.

"Asante kwa kupita kwa mama leo," Fundi alisema. "Ni bahati."

"Bahati gani? Nilitumwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wako wa mwisho."

Fundi akamkodolea macho. Kitindamimba wao alikuwa nchi ya mbali, mwendo wa ndege mbili. Hajarudi nyumbani miaka minne.

"Aliuliza kwenye grupu lenu mara mbili," Mhudumu aliendelea, "asijibiwe. Akampigia mama yenu, mama akamwambia ni mchubuko tu, hakutaka kumtia wasiwasi mtoto aliye mbali. Hakuridhika. Akakupigia wewe."

Fundi alikumbuka. Jumanne. Alikuwa anakata kitambaa, akabonyeza ule ujumbe ulio tayari ndani ya simu: "Niko kazini, nitakupigia." Hakumpigia.

"Basi akaingia mtandaoni, kwenye ukurasa wa watu waliosoma naye zamani. Akauliza nani anakaa mtaa ule. Mmoja wao akampa namba yangu. Jana jioni akanipigia, tukapanga nije leo."

Fundi alirudi kwenye grupu kutafuta. Ndiyo, maswali yalikuwapo: "Mama, huo mguu una nini? Jamani, nani yuko karibu aende?" Na chini ya swali hilo, Msemaji alikuwa ameweka moyo.

Lo! Damu ilimchemka. Alibonyeza kitufe cha sauti, akasema hapo hapo koridoni, wagonjwa wakimgeukia:

"Damu Moja, sikilizeni. Mama yuko hospitali, mguu umeoza. Siku kumi na moja mguu umeoza mbele ya macho yetu, tukaupigia makofi! Mimi nikiwamo, tena wa tatu! Asiniwekee mtu mikono ya kuomba hapa. Mwenye miguu aje na miguu yake!"

Saa moja baadaye Msemaji alitokea, shati limemganda kwa jasho.

"Dada, ndiyo kunidhalilisha mbele ya watu kumi na tisa? Mimi niliweka moyo kwa nia njema!"

"Nia njema? Uliifungua ile picha?"

Msemaji akaanza kujifuta jasho.

"Nakuuliza, uliifungua?"

"Sikuifungua," Msemaji alisema. Akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu. "Zilikuwa nyingi. Nilikuwa nagusa tu. Hili grupu nalifuta leo. Simu hizi ndizo zimetuharibu."

"Usiisingizie simu," Mhudumu alisema, naye sasa amekasirika. "Aliye mbali amemfikia mama yenu kwa simu hiyo hiyo. Aliuliza, akasubiri jibu, na alipolikosa akatafuta mtu mwenye miguu. Nyinyi mliitumia kujipa raha kwamba mmefika. Ukishagusa moyo unajiona umemaliza, na kila mmoja anadhani mwenzake amekwenda. Kama mtu anaumwa, piga umsikie sauti. Ukiwa karibu, nenda. Ukiwa mbali, tafuta wa kwenda, na umuulize amekuta nini."

Msemaji akaitia simu yake mfukoni.

Daktari alitoka mchana. Kidole gumba kisingepona, ilibidi kikatwe. "Mguu tutaupigania," alisema. "Mngechelewa siku mbili zaidi, ningekuwa naongea nanyi habari za goti." Msemaji alilia waziwazi. Fundi hakulia. Alikuwa na hasira mno, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Mama alikaa hospitali wiki tatu. Kabla hajatoka, watoto wake walikaa kikao, kitindamimba akiwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji. Grupu halikufutwa. Iliyofutwa ni sheria ya mioyo kwa habari ya ugonjwa. Wakapanga zamu: Fundi Jumatatu na Alhamisi, Msemaji Jumatano na Jumamosi, siku nyingine wajukuu na mashemeji. Mwenye zamu anafika, anaosha miguu ya mama, anaikausha na kuikagua, anapapasa viatu ndani. Kisha anaandika kwenye grupu alichokiona kwa macho yake. Kitindamimba anapiga kila Jumapili, tena kwa video, na mama haruhusiwi kumwambia "mchubuko tu".

Siku ya kwanza ya Msemaji ilikuwa kichekesho. Alipiga magoti na tai yake shingoni, akaushika mguu wa mama kama mtu aliyeshika yai la watu.

"Sugua, mwanangu," mama alimwambia. "Mguu huo umekubeba wewe miaka yako yote ya utoto. Hautavunjika leo."

Wakacheka wote wawili. Wakakaa wakiongea hadi chai ikapoa. Msemaji aligundua kwamba mama alikuwa na mambo mengi ya kusema, na kwamba mengi hakuwahi kuyasikia.

Miezi minne ikapita. Kovu lilikauka, sukari ikashuka. Mama alivaa viatu vipya vya kufunika, vyenye soli nene, akajifunza kutembea bila kile kidole.

Alhamisi moja Fundi alizidiwa na kazi. Sare za shule, dazeni tatu. Saa kumi ilipofika, saa yake ya zamu, aliandika kwenye grupu: "Niko njiani kwa mama." Halafu akavuta sare nyingine. Moja tu, alijiambia. Kisha moja nyingine.

Saa kumi na moja na nusu kivuli kikaziba mlango wa duka. Wateja wawili wakasogea kumpisha mtu. Fundi akainua kichwa.

Alikuwa mama yake, amesimama wima, mkoba mkononi na jasho usoni. Alikuwa ametembea vituo vyote vinne.

"Umeandika uko njiani," mama alisema, mbele ya wateja, bila kupunguza sauti. "Nimeipita njia yote. Sikukuona."

Fundi alizima cherehani. Akaleta kigoda, akaleta beseni la maji, akapiga magoti pale pale kwenye vipande vya vitambaa, akaanza kumfungua mama yake viatu.