Siproza Anataka Kuitwa

Kwanza apa. Lamba kidole, kipitishe shingoni, sema haki ya Mungu humwambii mtu. Umesema? Haya. Mimi pia niliapa hivyo hivyo mbele ya Phelesia, kule Kendu Bay, na mate hayajakauka kidoleni. Lakini habari kama hii ukilala nayo tumboni inakuvimbisha. Sogea.

Dorine ni mke wa James, mtoto wa Phelesia, na anapenda vitabu kuliko sisi tunavyopenda harusi. Si vitabu vya mitihani, la. Vya ajabu. Watu wenye mbawa, ng'ombe wanaotoka ziwani wakiongea, falme ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Yeye na wenzake watatu, Lynnet, Filister na Metrine, hukutana Jumamosi alasiri sebuleni kwake. Kila mmoja analeta mwandishi wake, anamnadi kama mgombea wakati wa kura, na wengine wanaondoka na kitabu.

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Chai ya maziwa, mandazi, vidagaa vya omena vimeanikwa uani. Kasoro ilikuwa moja: mtoto. Binti mchanga wa Dorine alikuwa akilia tangu azaliwe. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, akakataa ziwa, mashavu yakaanza kuingia ndani. Zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa. Phelesia akasema basi ni mambo ya nyumbani.

Unatujua sisi. Mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi. Mnamtajia wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza, huyo ndiye. Walikuwa wamewamaliza wafu wote wa upande wa James, na mtoto bado analia. Dorine alishazika mmoja kabla ya huyu. Alikuwa hali, halali.

"Lete nimshike, wewe unywe chai," Metrine akamwambia, akampakata mtoto na kumfunika shali.

Lynnet akaanza. "Wangu mimi hana mpinzani. Ana mji mzima chini ya ziwa, na samaki ndio machifu."

"Samaki machifu?" Filister akacheka. "Basi wewe juzi ulikaanga chifu na nyanya!"

Wakacheka, na mtoto akalia juu ya kicheko chao. Zamu ya Metrine ilipofika, alitoa kijitabu chembamba, kurasa za kupigwa kopi zilizobanwa kwa pini.

"Huyu hamumjui. Ni wa kwetu Suna. Ukimsoma, unasikia mtu akipumua nyuma ya shingo. Anaitwa Siproza."

Mtoto akanyamaza. Ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Hakuna aliyegusa chai. Mtoto alikuwa ametulia, macho wazi, anatazama mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Phelesia alipoitwa, aliuliza jambo moja tu. "Huyo Siproza yuko hai?"

"Alikufa, mama," Metrine akasema, macho chini.

Basi Phelesia akaamua. Ukoo wa mwenye jina hawaujui, lakini mtoto amechagua mwenyewe. Jina litaitwa mbele ya watu, si kesho, Jumapili ya wiki ijayo baada ya ibada. Mpaka hapo mtu asilitamke.

Dorine alikisoma kile kijitabu. Kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ndio uliomtisha. Hadithi zote zilikuwa za mwanamke anayezunguka nyumba za watu, anasugua milango kwa makalio, anatafuta pa kuingilia. Akamuuliza mama mmoja muuza samaki, mzaliwa wa Suna. Yule mama akatua beseni.

"Siproza? Yule alikuwa jajuok, nyarwa, binti yetu. Mchawi, mkimbiaji wa usiku. Hata ndugu zake hawajathubutu kumpa mtoto jina hilo." Akasogea karibu. "Ukimpa jina, umempa nyumba."

Na kulikuwa na jambo la pili. Metrine alikuwa anakuja kila siku kusaidia kumbeba mtoto. Dorine akimwogesha jioni, alikuta alama mbili nyekundu kwenye paja la kushoto. James alisema mbu. Dorine alifikiria ile shali.

Jumapili nyumba ilijaa. Wazee, majirani, hata pasta. Dorine hakumwambia mtu kitu. Alimpa Metrine mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akasimama ubavuni pake. Phelesia akaanza na wafu wa nyumbani, ili wasione wamerukwa.

Jina. Mtoto akapiga kelele.

Jina. Kelele.

Phelesia akavuta pumzi aite lile la mwisho.

Dorine akavuta shali.

Vidole viwili vya Metrine vilikuwa vimebana paja la mtoto. Kucha zimezama. Kila mtu aliona.

"Uuwi! Metrine!" Filister akapasua sauti. "Unamfinya mtoto wa watu kama unachagua parachichi!"

Dorine akamnyakua mtoto. James akamkamata Metrine mikono yote miwili, akaiinua juu watu waione. Metrine hakupigana. Alinong'ona, na chumba kizima kikainamisha masikio.

"Ni shangazi yangu. Yeye ndiye alinifundisha kusoma. Anakuja, anasimama miguuni pa kitanda. Anasema, mnanisoma tu, hamniiti. Mimi sina mtoto wa kumpa. Ningefanyaje?"

"Mtoeni," Phelesia akasema.

Dorine alimkumbatia mtoto, akasubiri anyamaze. Sasa hapakuwa na wa kumfinya.

Mtoto hakunyamaza.

Alilia mpaka mwili ukakakamaa. Midomo ikageuka rangi. Dorine akampuliza usoni, akamwita, akampa ziwa. Pumzi ilikuwa inakatika.

Pale mlangoni, mikono bado iko juu ndani ya mikono ya James, Metrine akasema taratibu, "Siproza."

Mtoto kimya.

Lynnet ndiye aliyeona kwanza. Alionyesha kwa kidole. Ni paja la kulia, lile ambalo Metrine hakuligusa. Ngozi ilikuwa imebonyea mahali pawili, ndani kabisa. Na mbele ya macho ya watu wote, ikawa inajaa tena, polepole, kama unga uliokandwa vidole vinapouachia.